Tunanusa Midomo, Hatutazami Fizi

Wazazi wenzangu, kosa letu ni kunusa.

Jirani yangu hapa Ziwani, Mama Brayo, humnusa mwanawe mdomo mlangoni kila jioni akitoka shule, akitafuta harufu ya sigara. Akikuta harufu ya mnanaa tu, anaridhika.

Leo asubuhi Brayo, wa kidato cha tatu, alishindwa kunywa chai kwa maumivu. Mamake akaniita. Nikamwambia kijana ainue mdomo wa juu.

Jameni! Ufizi umechubuka, unatoka damu.

"Ni kapakiti tu ka nikotini ya mnanaa, Mwalimu," Brayo akasema. "Unakaficha hapo chini ya mdomo, hata darasani hakuna mtu anajua."

"Unanunua wapi?"

"Ni hapo tu kwa duka. Kwenye wewe hununua maziwa."

Nikaenda dukani hapo hapo. Muuzaji akacheka: "Wacha presha, Mwalimu. Hiyo ni kama peremende."

Peremende gani humfanya mtoto atetemeke akiikosa? Hiyo ni nikotini ileile ya sigara, na ubongo wa kijana huizoea upesi kuliko wetu. Naye anamuuzia mtoto aliyevaa sare!

Brayo yuko kliniki sasa. Wenu je?

Leo kabla ya chakula cha jioni, washa tochi ya simu umtazame kijana wako ufizi.