Lori Bovu na Wavu Wangu

Mdogo wangu wanamwita Dira, na jina hilo alijipa mwenyewe. Wenzake wanasubiri kupewa jina. Yeye alikuja ufukweni asubuhi moja akatangaza kwamba hajawahi kupotea ziwani, kwa hiyo kuanzia leo ni Dira, na watu kwa uvivu wa kubishana wakakubali. Ana miaka arobaini na mmoja. Useremala aliushika akauacha, ufundi redio akauacha, na uvuvi, mwaka wa kumi huu yuko majini, ila sijui ataanza lini kuujua.

Mimi ni dada yake mkubwa, na kazi yangu ni kushona nyavu. Nakaa kwenye baraza ya bohari ya samaki, miguu nimenyoosha, wavu wa mtu mapajani, sindano ya mti mkononi, na mgongo unauma toka asubuhi mpaka jua linapozama. Miaka yote nimeshona za watu. Ndipo nikaamua kufuma wa kwangu, kila jioni baada ya kazi, jicho moja baada ya jingine, miezi minane. Nilitaka niwe na wavu nimkodishe mvuvi mwenye akili, mgongo upumzike. Sikuwa na tamaa nyingine duniani. Halafu nikampa Dira aujaribu kwanza, kwa kuwa ni mtoto wa mama yangu.

Wavu wa kutega si kitu cha ajabu. Hata Dira angeuelewa kama angefunga mdomo robo saa. Kamba ya juu ina maboya, kamba ya chini ina risasi za kuizamisha, na katikati wavu unasimama majini kama ukuta. Humfukuzi samaki. Anakuja mwenyewe, anapenyeza kichwa kwenye jicho, mwili unakwama, na akitaka kurudi nyuma uzi unamshika kwenye matamvua. Macho yakiwa mapana, wadogo wanapita wakakue. Ya kwangu niliyafuma mapana, na kila jicho nililipima kwa kipande kimoja cha ubao, maana vidole vya watu havilingani.

Nikamwambia, "Tega jioni, toa alfajiri. Usiulaze wavu majini siku mbili, samaki wataoza. Na usitie mguu kwenye ghuba ya matete, huko wanataga."

"Dada, unanifundisha mimi?"

"Wewe nani?"

Akacheka, akaubeba wavu akaondoka.

Hazikupita siku tatu akanijia tena barazani. Safari hii alitaka nimtolee yale maboya makubwa ya rangi ya chungwa, nimfungie vidude vyeusi vidogo, na niongeze risasi, ili wavu wote ukae chini ya maji. Eti boya la rangi ni kumwita mwizi kwa jina lake. Nikamuuliza wavu wenyewe atauonaje. Akanitazama kwa huruma, mimi mshona nyavu nisiyejua kitu.

Basi akanieleza. Wavuvi wote hapa hukumbuka mahali kwa kutazama nchi kavu. Unachukua vitu viwili, kimoja nyuma ya kingine, ukiwa majini ukaviona vimepangana, uko kwenye mstari wako. Halafu unachukua vingine viwili upande mwingine. Mistari miwili inapokatana, hapo ndipo pako. Ni kazi nzuri, wazee wameifanya kabla yetu. Dira upande mmoja alichukua paa la shule na tanki la maji. Upande wa pili alichukua mnara wa simu na lori jekundu.

Nikauliza, "Lori gani?"

"Lile la barabarani. Lile bovu."

Ni kweli lilikuwapo, juu ya mawe, halina magurudumu, mwaka wa tatu. Kuku walitagia chini yake na fundi makanika alianikia ovaroli zake kwenye bodi. Nilijua ni upuuzi. Lakini nilikuwa na kazi ya watu, na Dira akianza kuongea haondoki. Nikafungua maboya yangu ya rangi, nikamfungia vile vyeusi, mafundo mawili mawili, apate kuondoka mbele yangu.

Alhamisi moja alitega wavu, na Ijumaa hakwenda kuutoa kwa sababu alichoka. Alichoka na nini, hakuna anayejua. Jumamosi mchana namwona anarudi na mtumbwi mtupu, anapanda ngazi za bohari, maji yanamchuruzika.

"Dada, lori liko wapi?"

Nikadhani jua limempiga kichwani. Nikageuka kutazama barabarani. Palikuwa na mawe manne na kuku wanaoshangaa.

Mtu mwenye haya angejificha. Dira akaenda kumgombeza makanika. Nilimfuata, sikutaka kukosa.

"Nani alikutuma ulitengeneze?" akamwuliza.

"Mwenye lori," makanika akasema, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. "Gia boksi imepatikana."

"Miaka mitatu limekaa, ungeshindwa kungoja wiki moja?"

"Ulikuwa unalitumia?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Wao walikuwa wanawaza lori, mimi nilikuwa nawaza miezi yangu minane imelala majini haina alama. Na wavu uliopotea haujui kama umepotea. Unaendelea kunasa. Anayenaswa anaoza, harufu yake inamwita mwingine, naye ananaswa. Hakuna wa kutoa wala wa kula.

Kilichobaki ni mstari mmoja, wa shule na tanki. Tukaazima nanga ndogo ya makucha, tukawa tunaikokota kwenye mstari huo, kwenda na kurudi, yeye anapiga kasia na mimi nimeshika kamba. Kazi za watu zikalala barazani. Kila siku nilimtukana kutwa, na kila siku aliniahidi kwamba ni hapo mbele kidogo.

Siku ya kumi na moja ule mstari ukatupeleka kwenye matete. Nikaona ameacha kunitazama.

"Ulitega kwenye ghuba, na siku kumi unanizungusha," nikasema.

"Mdomoni mwake tu, dada. Si ndani."

Nanga ikashika. Tukavuta, harufu ikatangulia. Macho mapana niliyoyafuma yaliwapitisha wadogo wote, kama nilivyokusudia, yakawazuia mama zao. Wakubwa tupu, matumbo yamejaa mayai, wengine wamebaki mifupa, wengine wameoza wakashikamana na uzi. Chini kabisa mmoja alikuwa hai, anatweta. Nikamkatia uzi nikamrudisha. Uliobaki haukuwa wavu tena, ulikuwa donge la uzi na mizoga, hakuna sindano ya kuuokoa. Nikatoa kisu nikaanza kuukata vipandevipande, ili usirudi majini hata kidogo.

Dira alikaa nyuma ya mtumbwi, kasia amelilaza mapajani. Nikafika kwenye kamba ya juu. Vile vidude vyeusi vilikuwapo vyote, kimoja baada ya kingine, na kwenye kila kimoja mafundo mawili ya mkono wangu. Hakuna hata kimoja kilicholegea. Kama kimoja tu kingechomoka kikaelea na kunasa kwenye matete, tungejua siku ya kwanza pa kutafuta.

Dira akanyoosha shingo akaviangalia.

"Dada," akasema, "ila ulivifunga vizuri."

Miaka kumi nimemshonea nyavu, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza aliyonipa. Nikainama nikaendelea kukata.