Mashine ya Marehemu Mwololo

Munyiva alikuwa na kibanda cha mabati hapo Kangemi, ukuta mmoja na kibanda changu cha mboga. Kwanza kilikuwa cha bwana yake, Mwololo, aliyewachapia watu barua za kazi na programu za mazishi kwa kompyuta kuukuu. Mwololo akaanza kuumwa mgongo, mgongo ukawa figo, na mwaka wa 2006 tukamzika kwao Mwingi.

Siku zile za hospitali Munyiva alikuwa anakaa kwa benchi nje ya wadi akifuma kitambaa. Uzi mweupe, maua ya manjano pembeni. Alisema Mwololo akipona atakuta mashine yake imevikwa kama bibi arusi. Hakupona. Kitambaa kiliisha matanga yakiendelea. Munyiva akalivika lile sanduku la kompyuta, mbele, nyuma, mpaka chini, na hakuna mtu aliruhusiwa kulifunua. Hata kuwasha, alibonyeza juu ya uzi.

Akajifunza kuchapa kwa vidole viwili. Wateja wakarudi. Halafu mashine ikaanza kuzimika. Anachapa kidogo tu, giza. Mwishowe ikakataa kabisa kuamka. Ikaandika kwa kioo cheusi kwamba kuna faili haioni.

"Imemfuata mwenyewe," wanawake wa soko wakasema.

"Mashine haizikwi," nikawajibu. "Nyinyi uzeni nyanya."

Kaloki, mdogo wa Mwololo, akasikia huko Mwingi. Akapiga simu yangu. "Mama, mwambie shemeji nakuja Jumamosi. Nikipata mashine inafanya kazi, abaki nayo na kibanda. Nikipata imelala, naibeba, na kibanda napatia mtu mwingine. Mali ya ndugu yangu haitaozea Nairobi."

Munyiva alijua maana yake. Kabla ya kuolewa alikuwa anasimama kwa mageti ya matajiri wa Kitisuru akingoja kuitwa kufua.

"Shosho, siwezi kurudi kwa geti," akaniambia; wote hapa huniita hivyo kwa uzee wangu. "Bora nizikwe na yeye."

Akaifunga mashine mgongoni kwa leso kama mtoto, akaipeleka tauni, katikati ya jiji, barabara ya Luthuli, kwa fundi anaitwa Kibe. Huko akaivua mwenyewe, Kibe akaifungua, akaweka upya windo, ile programu inayoendesha kompyuta, mashine ikaimba ule wimbo wake wa kuamka. Ikashinda mchana mzima ikiwaka pale kwa fundi. Munyiva akarudi anacheka, akaiweka mahali pake, akaivika kitambaa. Chai haijachemka, giza.

Akarudi Luthuli. Kule ikawaka tena.

"Mathe, hii haina kitu," Kibe akamwambia. "Labda ni stima ya kwenu, umeme hautoshi." Akampa sidii, kisahani cha kuwekea hiyo windo, akamwonyesha pa kubonyeza, ajaribu mwenyewe nyumbani.

Nilikaa naye. Anainua ncha ya kitambaa, anaingiza sidii, kioo kinakuwa buluu, kamstari ka manjano kanaanza kutembea. Kanafika nusu, kanasimama. Kiingereza kingi kinatokea. Anaanza upya. Nusu, kanasimama. Alipangusa sidii kwa pamba, kwa leso, kwa mate. Tukaomba kinyozi wa kibanda cha pili stima yake, tukavuta waya mrefu mpaka ndani. Nusu.

Akaanza kuisemesha. "Mwololo, wewe umeenda. Mimi niachie hii tu. Hii tu."

Nilitoka nje nikapanga sukuma wiki ambayo ilikuwa imepangwa tayari.

Jumamosi Kaloki akapiga simu: ameshuka tauni, yuko njiani. Munyiva akaingiza sidii tena, hata hakuangalia. Kisha akafanya kitu sikuwahi kuona. Akavua mashine kitambaa.

"Ataenda na sanduku. Hiki hapana. Hiki nilifuma mimi." Akakikunja, akakaa nacho sakafuni.

Mimi nikabaki naangalia kioo. Ni mimi niliona kamstari kamepita nusu.

"Munyiva."

"Niache, shosho."

"Angalia."

Mashine ikajizima, nikadhani imekufa tena. Ikajiwasha, ikaendelea. Munyiva akatambaa mpaka nyuma ya sanduku, akaweka mkono kwa matundu yake ya kutoa joto. Upepo wa moto ulikuwa unatoka. Akakiangalia kitambaa.

"Ilikuwa inakosa pumzi," akasema. "Na mimi ndiye nilikuwa nimeifunika." Hapo ndipo alilia, si kwa furaha.

Kaloki akaingia na gunia la kubebea. "Imelala?"

"Ngoja," nikamwambia.

"Nangoja nini, mama?"

"Ngoja, nimesema!"

Akangoja amesimama, mpaka mashine ikaimba.

"Chapa kitu nione," akasema.

Munyiva akapangusa macho, akachapa kwa vidole viwili: KALOKI RUDI MWINGI NA GUNIA LAKO. Kaloki akasoma polepole, midomo ikitembea. Akatafuta pa kukaa, akavuta kiti cha Mwololo.

"Hapo hapana," Munyiva akasema, akatandika kitambaa juu ya kile kiti.

Kaloki akakunja gunia, akalikalia, akaomba chai.