Sala ya Nyuma ya Pazia

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, zikikaangwa kwa vitunguu hunirudisha hadi leo kwenye chumba chetu kimoja cha Shauri Moyo, Nairobi, na hadi leo hunipandisha hasira. Mama aliuza mitumba katika soko la Gikomba. Jioni, akishapakua ugali, alijifunga kitambaa kichwani, akasimama na kutuombea kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kiluhya. Aliwaombea wateja, akaliombea goti la jirani, akaomba mvua isimkute sokoni. Mboga zilipoa kidogo, lakini hakuna aliyelalamika, kwa maana hapo ndipo tulipojua siku yake ilivyokwenda.

Nilipokuwa darasa la saba, kaka yangu Wafula alirudi likizo kutoka Uingereza alikokuwa akisoma chuo kikuu. Mtaa mzima ulikuja kumsikiliza akiongea. Baba, askari wa lango kiwandani, alivimba kichwa hasa. Siku ya pili, Mama alipofumba macho mezani, Baba alimkatiza.

"Mama Wafula, ngoja. Kuanzia leo ataomba Wafula, na kwa Kizungu. Huyu msichana wetu ana mtihani. Hapa mezani ni Kizungu tu."

Mama akafumbua macho, akaketi. Wafula akaomba maneno machache kupitia puani. Tulikula kimya, kwani Mama hakujua Kiingereza, Baba alijua cha kuwasalimia wakubwa wake tu, nami niliogopa kukosea. Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema. Mama yetu alinyamazishwa kwake.

Kilichonichoma zaidi nilikisikia kesho yake, tukiwa kwenye foleni ya maji. Nilimwuliza Wafula alikijuaje Kizungu kile chote. Akacheka.

"Mwaka wa kwanza sikufungua mdomo darasani. Nikiandika, prof anarudisha karatasi, ati haelewi nasema nini. Ndio nikaanza kujiongelesha kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti, vile mathe huomba, kitu moja baada ya ingine. Ikinyooka, ndio naandika kwa Kizungu."

"Si basi umwambie Baba."

"Wacha tu. Ashajigamba mtaa mzima juu yangu."

Hakumwambia. Alijua, akanyamaza, akaendelea kuomba kwa pua likizo nzima. Mama akawa anaombea chakula peke yake nyuma ya pazia la jikoni, ameinamia sufuria ya omena, akinong'ona kama mwizi ndani ya nyumba aliyoilisha yeye. Nilimchukia Baba kwa hilo. Wafula nilimchukia zaidi, na sioni haya kusema hivyo.

Siku hizi Wafula ni mhadhiri huko huko Uingereza. Huandika makala kuhusu thamani ya lugha ya nyumbani kwa msomi, na watu humpigia makofi. Krismasi iliyopita alikuja na wanawe, Baba akiwa ameshatutoka. Chakula kilipoandaliwa alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Mama, tuombee."

Mama alikuwa anafunua sufuria. Hakuinua uso.

"Omba wewe, baba. Mimi nimeshaomba huko jikoni."