Faili Inatafutwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu wa masjala hakunisalimu. Alikohoa mara moja, akatazama rafu ya juu, kisha akanitazama mimi. Nikabaki nimesimama. Karani mwenzangu akanipiga kiwiko: "Panda ngazi, anataka faili ya huko juu." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi, nyinyi vijana mnaobonyeza kompyuta. Masjala ni chumba zinamokaa faili zote za ofisi. Kila karatasi inayoingia kwenye faili inapewa namba, tukiiita folio, na kila faili inayotoka inaandikwa kwenye kadi: nani kaichukua, siku gani. Hayo yalikuwa kwenye kitabu cha kazi. Kusoma nyuso za wakubwa hakukuwa kwenye kitabu chochote, na ndiko kulikokuwa nusu ya kazi yenyewe.

Nilianza katikati ya jiji la Nairobi, nikahamishiwa tawi dogo karibu na Adams Arcade, chini ya Msimamizi aliyekuwa mtu wa kununa. Usipojua kwa nini amenuna, shauri yako. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikapandishwa cheo, nikapelekwa Upper Hill kusimamia masjala ya utumishi, yaani faili za wafanyakazi wenyewe: kuajiriwa, kuhamishwa, kustaafu. Nilidhani nimeshaona kila aina ya karani. Kumbe wapi!

Nikaletewa Nafula. Mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mtu wa Bungoma, amekuja kwa majaribio ya miezi sita. Akithibitishwa, anapata kazi ya kudumu. Asipothibitishwa, anafungasha. Alikuwa ameshafutwa kazi mara mbili, na aliniambia hivyo asubuhi ya kwanza bila kuulizwa.

"Walisema niko na dharau," akasema, akiangalia sakafu. "Sikuelewa ni dharau gani. Hapa nikifutwa, sina pengine pa kuomba."

Mimi nilidhani nimeielewa hiyo dharau kabla wiki haijaisha. Jamani, yule mwanamke alinitoa jasho! Naingia, chumba kina joto, nasema, "Kwani haya madirisha hayafunguki?" Ananijibu, "Yanafunguka," kisha anaendelea kuandika namba za folio. Natazama saa, nachukua mkoba, nasimama mlangoni, naye bado ananieleza mpango wa rafu ya herufi M. Mwenzetu akafiwa na mama yake, sote tumeinamisha vichwa, Nafula anauliza mama alikufa na nini. Na machoni hakutazami, hata umfanyie nini. Nilikuwa narudi nyumbani Uthiru jioni namwambia mume wangu kwamba huyu mtu ameletwa kunimaliza.

Siku moja nikamwambia, kama tunavyoambiana sote bila kuwaza, "Nafula, utakuja siku moja kwangu tunywe chai." Akatoa kijitabu chake. "Siku gani?" Nikacheka, nikasema basi Jumamosi. "Saa ngapi?" Nikasema saa nne, ilimradi aniache niende zangu.

Jumamosi saa nne kamili mbwa wanabweka getini. Mimi niko uani na leso kuukuu, mikono imejaa sabuni, nguo za wiki nzima kwenye karai, na hata maziwa hakuna ndani ya nyumba. Nilikasirika, sifichi. Nilimpa chai ya rangi na kumuuliza kwa ukali lile swali lililokuwa likinikaa rohoni.

"Nafula, kwa nini huwaangalii watu wakikuongelesha?"

Akaweka kikombe chini, akafikiri. "Mtu akiongea, macho yake yanasema kitu, mdomo unasema kingine, na mikono pia. Vyote vinakuja pamoja, sijui nifuate gani. Nikiangalia chini nasikia maneno. Maneno naweza."

"Na wakisema maneno, halafu wanataka kitu kingine?"

"Hapo ndio huwa wananifuta."

Neno usonji, wanaloita autism kwa Kiingereza, sikuwa nalo wakati ule. Nilikuja kulisikia miaka mingi baadaye, mtoto wa dada yake alipopimwa na daktari, na Nafula mwenyewe akaomba apimwe. Siku ile nilijua tu kwamba nimekuwa nikimgombeza mtu kwa kusikia nilichosema, na niliona aibu mbele ya karai langu. Jumatatu nikaanza kumwandikia katika kile kijitabu. Naibu Mkurugenzi, mkubwa wetu pale Upper Hill, akisema "tutaangalia", ujue amekataa. Mtu akitazama saa mara mbili, maliza maneno yako. Alikuwa anakariri kama mwanafunzi wa darasa la nane. Nami kila nilipoandika mstari nilizidi kuona vile sisi ni watu wa ajabu, tunaozunguka mbuyu mchana kutwa, halafu tunamwita mwenzetu mjeuri.

Kuna jambo moja sikuliandika, kwa sababu naona haya hata leo. Mkubwa alipokuwa hataki mtu aione faili yake, masjala haikusema hapana. Tulisema faili inatafutwa. Mtu anarudi wiki ijayo, bado inatafutwa. Anarudi mwezi ujao, anaambiwa vivyo hivyo kwa tabasamu. Hakuna aliyefundishwa desturi hiyo. Kila karani aliiokota kwa kuangalia wenzake, nami nimeshawajibu hivyo watu wengi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Mwezi wa tano wa majaribio ya Nafula, akaja kaunta muuguzi mmoja aliyekuwa kituo cha Lodwar, kaskazini kabisa. Alikuwa ameomba uhamisho wa Nairobi kwa sababu mtoto wake alikuwa akitibiwa figo hapo hospitali kuu, na hiyo ilikuwa safari yake ya nne kuulizia. Faili yake ilikuwa kwenye kabati nyuma ya Nafula. Naibu Mkurugenzi ndiye aliyeagiza ifungiwe humo. Sote tulijua nafasi ile ya Nairobi alikuwa anaiwekea mtu wake.

Na mwenyewe Naibu akatokea, akasimama nyuma ya yule mama. Akamtazama Nafula, akatikisa kichwa kidogo, akaelekeza mdomo kwenye kabati. Hata mtoto wa Nairobi angeelewa: iache hapo hapo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya chumba na simu sikioni, nampandishia Nafula nyusi mpaka paji la uso linauma.

"Faili yangu imepatikana?" muuguzi akauliza.

Nafula akageuka kwa Naibu. "Mkubwa, unaonyesha kabati na mdomo. Nifungue?"

Naibu akaanza kurekebisha tai yake. Angesema nini, na mwenye faili amegeuka anamtazama?

"Hajakataa," Nafula akasema, akafungua. Faili ikawekwa juu ya kaunta. Folio ya mwisho ilikuwa barua ya kuidhinisha uhamisho, imetiwa sahihi na Mkurugenzi miezi mitano iliyopita. Yule mama aliisoma mara mbili, akakaa chini pale pale kwenye simiti, akalia kwa sauti. Wiki iliyofuata alikuwa amehamia Nairobi.

Siku ya tatu baada ya faili ile kutolewa, niliitwa juu. Naibu Mkurugenzi alikuwa anapanga kalamu zake.

"Mama Njeri, ripoti ya majaribio ya yule karani wako iko kwa meza yako?"

"Iko, mkubwa."

"Wewe ni mtu mzima. Unajua cha kuandika." Akazitazama kalamu. "Umebakisha nini, miaka miwili ustaafu? Si ni vizuri mtu amalizie mahali pazuri."

Nilielewa kila kitu. Nilielewa tangu aliponiambia nikae. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuelewa wakubwa haraka, nawaambia kweli. Kisha hasira ikanipanda, hasira ya miaka yote ile ya kukohoa na kununa na kuinua nyusi. Nikatoa kalamu na karatasi.

"Sijaelewa, mkubwa. Niambie maneno yenyewe. Nitaandika vile unasema, halafu niweke jina lako chini."

"Si unajua tu."

"Sijui."

"Mama Njeri, kwani nawe umeanza?"

"Mkubwa, kama ni afutwe kwa sababu alimpa mtu faili yake, nitajie nianze kuandika."

Akazipanga kalamu upya. Hakuweza kulisema. Mtu mzima, ofisi ina zulia, na sentensi moja ya Kiswahili imemshinda! "Andika unavyoona," akasema, akanifukuza kwa mkono.

Niliandika mistari minne: anafika kwa wakati, hajapoteza faili hata moja, hasemi uongo, athibitishwe. Nafula akathibitishwa. Nami kabla mwezi haujaisha nikapata barua ya kuhamishiwa ghala la faili kuukuu huko mjini, chini ya jengo, pasipo dirisha, nikamalizie miaka yangu miwili na vumbi na kikohozi.

Mnaniuliza kama najuta. Najuta ile miaka yote ya kuwaambia watu faili zao zinatafutwa. Na bado nakasirika nikiwasikia vijana wenye digrii wakisema fulani ni mgumu, haelewi. Umemwambia? Kwa mdomo, kwa maneno kamili? Unakuta hata hajaambiwa.

Siku ya kuniaga pale Upper Hill, kabla sijaenda ghalani, watu walihutubia mpaka soda zikapata moto. Naibu naye alikuja, akanisifu kwa utiifu. Nafula alikaa pembeni na kipande chake cha keki. Mwishowe nikamfuata mwenyewe.

"Nafula, nikienda utasikia vibaya?"

"Sijui," akasema. "Bado uko hapa."

Lo! Nilirudi Uthiru nimenuna njia nzima. Baada ya yote yale!

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, nilikuwa nakatia ng'ombe majani, simu ikalia.

"Mama, ni Nafula. Uliniuliza kama nitasikia vibaya. Ndiyo. Nasikia vibaya sana, tangu ile Jumatatu ya kwanza meza yako ilikuwa tupu."

Akakata simu, hata kwaheri hakusema. Nikaweka panga chini, nikalia.