Vichochoro Viganjani

Kwetu Kibokoni, Mombasa, bibi arusi hachorwi ua la hina la mwenziwe. Si sheria iliyoandikwa popote, lakini jaribu uone. Wanawake waliokuja kwenye arusi ya wiki hii ndio hao hao waliokuwa kwenye ya wiki iliyopita, na kila mmoja atakushika mkono aukague kabla hajavua buibui. Wakisema, "Hili tumeliona," aliyechora ameaibika, na bibi arusi anajiona kama amevikwa mtumba.

Khalati yangu, mdogo wake mama, alikuwa mchoraji hina. Miaka hiyo ya tisini mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi Ganjoni, jioni narudi kwetu Kibokoni na kujitia mwandishi. Nasema kujitia kwa sababu sikuwa nimemaliza hadithi hata moja. Kisiwa nilikiona kidogo mno. Nikianza kumwandika mtu, kesho asubuhi nakutana naye kwa muuza mahamri, ananiuliza mama hajambo, na kalamu inaniishia nguvu. Kwa hiyo nilipoposwa na mwanamume anayefanya kazi Eldoret, nilifurahi kwa mambo mawili. Yeye nilimpenda, na bara ni pana. Nilijiambia huko ndiko hadithi ziliko.

Ila kitu kimoja kilinitatiza. Khalati alikuwa amechora mabibi arusi miaka chungu nzima, na hajawahi kuambiwa "tumeliona". Ndege hajapanda, na Likoni havuki ila kwa mazishi. Hayo maua aliyatoa wapi?

"Kesho tutembee," akaniambia nilipomuuliza.

Nilitarajia anipeleke mahali. Hakunipeleka popote. Alisimama mbele ya mlango ambao nimepita mbele yake tangu kuzaliwa, akautazama mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna msiba gani. Akatazama kivuli cha roshani ukutani. Kule Feri alikaa ukingoni akiwatazama watu wakimiminika kutoka chomboni, wakigawanyika pande mbili kumpisha muuza njugu, kisha wakiungana tena. Jioni alitandaza unga wa ngano kwenye sinia, akashika kijiti cha ukuti, akachora jani: mistari inatoka pamoja, inaachana, inakutana. Muuza njugu alikuwa kitone katikati.

"Huchoki, khalati? Kila siku yale yale?"

"Kwani mimi ni jiwe? Nimechoka sana," akasema. "Mlango nikisha kuuchoka ndipo huona misumari yake. Ungekuwa na milango mia, mwanangu, misumari ungeiona saa ngapi?"

Sikumwamini. Nilidhani hayo ni maneno ya mtu asiye na nauli.

Siku ya kuchorwa mimi alinikataza kutazama. Alichora tangu adhuhuri, mpaka shingo ikaniuma kwa kugeuzia uso ukutani. Nilipooshwa mikono niliona mistari myembamba inayokata kona, inapanda, inaishia ghafla. Ua sikuliona hata moja. Nikajua khalati ameishiwa, na bahati yangu mbaya ameishiwa juu yangu.

Wageni wakaja kukagua. Bibi mmoja wa mtaa wa nyuma akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole.

"Hapa msikitini," akasema. "Hapa wakunja kushoto. Hapa ndipo penye bomba. Ee! Hapa ni kwangu!"

Basi pilau ikasahauliwa. Walinivuta mikono huku na huku, kila mtu anatafuta nyumba yake. Wa kulia ulikuwa Kibokoni yote, wa kushoto ulipita mjini ukateremka mpaka Feri kwenye ncha za vidole. Nilicheka mpaka wanja ukanichuruzika. Mmoja tu alinuna, jirani tunayetazamana naye mlango, mwanamke anayegomba tangu alfajiri.

"Yangu i wapi? Mbona siioni?"

"Kiganja kimekwisha, dadangu," khalati akasema. "Ni kidogo."

"Kwa wengine kimetosha, kwangu ndipo kimekwisha? Na kiwiko je?"

Akaondoka bila kula.

Eldoret palikuwa pana kweli. Dirishani niliona mahindi mpaka macho yanachoka, na sikupata sentensi moja. Nilishikwa na hofu ambayo hata mume wangu sikumwambia, kwamba huenda kisiwa hakikuwa na kosa lolote; kosa lilikuwa langu, na nitakufa sijaandika kitu. Na hina ilikuwa inafifia. Kila nikifua, kichochoro kimoja kinapotea. Nikaanza kuandika mbio, nyumba kwa nyumba, kabla mkono haujatakata.

Vikatoka vipande tu. Iliyonishika ni ile nyumba isiyokuwamo, ya jirani aliyenuna. Kwa kuwa sikuwa na mstari wa kuufuata, ilinibidi niikumbuke yote: ngazi iliyomeguka, pazia la kijani, harufu ya ubani ikichanganyika na ya samaki, yeye mwenyewe barazani akigombana na kunguru. Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza niliyoimaliza.

Niliporudi nyumbani kwa likizo nilikwenda kumsomea jirani huyo, khalati kando yangu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugomba, jambo ambalo mtaa mzima haujawahi kuliona. Akafuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akakunja uso.

"Na huyu wa nyuma yangu? Mbona nyumba yake haimo?"

Khalati alitazama dari. Nikajitanda buibui, nikatoka, nikazunguka nyuma, nikasimama mbele ya mlango huo mpaka mwenyewe akatoka kuniuliza kuna msiba gani.