Nyayo Nne za Paka

Nyinyi vijana mnaodhani kazi ni ya kompyuta au ya hoteli tu, kaeni nikwambieni yangu. Mimi nilisaga wino.

Siku ya kwanza nilifika Msambweni nikijua nimeajiriwa kufagia. Mwalimu, mama mchoraji aliyefundishwa na Mjapani, akanipa kijiti cheusi cha masizi yaliyogandishwa kwa gundi, jiwe lenye kishimo, na maji kidogo. Nikasugua kama ninayekuna nazi.

"Taratibu, Mama Saumu. Wamkimbiza nani?"

"Nataka niwahi kufagia."

"Leo hufagii. Leo wasaga mpaka wino ung'ae."

Nikajifunza. Wino mzito hutoa weusi, wenye maji hutoa kijivu cha wingu. Mwalimu hakuchora mnazi wala mtu. Alitandika karatasi sakafuni, akavuta burashi pana mara moja, basi. Nusu nzima aliiacha nyeupe. Karatasi ile ukikosea hufuti. Mchoro ukikauka, mimi niliubandika karatasi nyingine mgongoni kwa uji wa ngano, unyooke.

Tulipohamia Diani, meneja wa hoteli jirani akatupa ukuta mmoja wa kutundika michoro. Yalikuwa maonyesho ya kwanza ya Mwalimu, na kijiti cha wino kilibaki kimoja. Nikakisaga chote. Mwalimu akavuta mstari wake, mzuri kuliko yote. Ndipo paka wa jikoni akaingia, akakanyaga wino mbichi, akaelekea kwenye weupe.

Nikanyanyua ufagio.

"Weka chini! Ukimtisha ataruka kila mahali!"

Nikachukua kichwa cha samaki, nikamwita kutoka mlangoni kwa sauti ya kubembeleza ambayo wanangu hawajapata kuisikia. Akaja. Nyuma yake, nyayo nne.

Mwalimu alitazama mpaka chai yake ikapoa. "Bandika," akasema.

"Na uchafu huu?"

"Bandika, Mama Saumu."

Hotelini watu walisimama mbele ya mchoro ule kuliko pengine popote. Meneja aliona mashua nne. Mpishi aliona mikoko ya kijiji cha Bodo maji yakipwa. Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu, huku akinikanyaga mguu nisiseme. Tangu hapo hatukukosa ukuta.

Magoti yalipoikataa sakafu, nikastaafu, naye akanipa mchoro ule. Upo sebuleni kwangu Kwale. Mpaka leo nasema ni uchafu, ila chai ya asubuhi siinywi bila kuutazama. Weusi niliusaga mimi, mgongo niliubandika mimi, na paka nilimwita mimi.

Nyumbani nimeamuru hivi: mgeni akiuliza ni nini, mwacheni atazame. Atakayemtaja paka ataosha vyombo vyote vya Idi peke yake.