Bibi Alivyokwangua Risasi za Pikapu

Mjomba wangu anaitwa Kizunguzungu, na msimwonee huruma, alijitakia. Siku ya kwanza kukabidhiwa mashine ya balansi, ile ya kusawazisha magurudumu, pale gereji, alilikodolea macho tairi likizunguka, kichwa nacho kikalifuata. Tairi likasimama, yeye akaendelea. Akaenda chini mzima mzima mbele ya wateja, amekumbatia ndoo ya maji ya sabuni. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Leo ni fundi tairi wa kuaminika, ana kitambi na mvi, na bado hata mkewe amemsevu hivyo kwenye simu.

Aliyegoma kabisa kusahau ni Bibi, yaani mama yake mzazi. Bibi anafuga kuku na kusambaza mayai kwa pikapu, lakini tairi alikuwa anapeleka kwa fundi mwingine. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Huyo nimemzaa mimi. Namjua."

Sasa mwenye bekari, mteja wake mkubwa, akapokea mayai yaliyopasuka mara mbili mfululizo. Akamwambia ikitokea ya tatu, anatafuta mtu mwingine. Tairi za pikapu zilikuwa vipara, na yule fundi wake alishahama. Bibi akaenda kwa mwanawe shingo upande, mimi nikiwa nimeketi pembeni nikijizuia kucheka.

"Nataka zile pale," akaonyesha tairi zenye meno kama ya trekta.

"Mama, wewe matope yako ni yale ya kutoka bandani tu. Kwingine kote ni lami. Hizo zitanguruma njia nzima na kuyatikisa mayai."

"Lakini ni nzuri."

"Unaenda bekari au vitani?"

Mjomba akamchagulia za njia zote, zenye meno ya wastani: zinashika tope, na kwenye lami zinatulia. Akalinganisha saizi na kibandiko cha kwenye mlango wa dereva, akaangalia zinabeba uzito gani, kisha akasoma tarakimu nne ubavuni, za wiki na mwaka wa kutengenezwa.

"Zimezaliwa mwaka jana, Mama."

"Afadhali. Angalau humu ndani kuna kitu kipya."

Akazipiga balansi zote nne, tukaijaribu barabarani. Usukani umetulia tuli. Bibi hakusema asante, ila alipiga miluzi, na Bibi hapigi miluzi ovyo.

Jumatatu asubuhi tukapakia trei za mayai, mimi mbele na Bibi kwenye usukani. Tulipoingia lami na kukolea mwendo, usukani ukaanza kutetemeka kama una homa. Bibi akakata kona moja kwa moja hadi gereji, akashuka na kanga ameifunga kiunoni. Nikajua leo kuna mtu atakula za uso.

"Njoo uone kazi yako! Bekari wananisubiri saa nne, na mayai yanacheza ngoma huko nyuma!"

Mjomba akainama kwenye gurudumu la mbele, akapapasa rimu. Akaenda la pili. Akanyanyuka taratibu.

"Mama, gari umeliosha?"

"Jana. Na nimelisugua haswa, maana kwako lilitoka na uchafu. Vile vibati vya kijivu vilivyonata kwenye rimu nimevikwangua vyote kwa kisu."

"Vyote?"

"Kimoja kilikuwa kibishi, nikakimalizia na nyundo."

"Mama! Zile ni risasi!"

Bibi akaruka nyuma, akanivuta na mimi. "Risasi? Umeniwekea risasi kwenye gari, na mjukuu wangu yumo?"

Gereji nzima ilikufa kwa kicheko. Mjomba alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akamwonyesha kiganjani: vipande vya madini ya risasi, vizito kuliko vinavyoonekana, vinabandikwa upande mwepesi wa gurudumu ili lizunguke bila kuruka. Ukivitoa, ndiyo hiyo homa ya usukani.

Akafanya upya magurudumu yote manne, mayai yakiwa juu. Jeki aliipandisha polepole kama anayemlaza mtoto, kila mara akiuliza, "Yako salama, Mama?" na Bibi, mkono juu ya trei, akijibu, "Yako salama, baba." Baba! Sijawahi kumsikia akimwita hivyo.

Tulifika bekari saa nne kasoro dakika tano. Mwenye bekari akafunua trei moja moja, akayageuza mayai, akatafuta ufa mpaka akachoka.

"Haya, Mama. Alhamisi lete kama haya."

Tulipotoka tu nje, Bibi akapiga simu. "Mwanangu, hakuna hata moja lililopasuka. Na yule jirani mwenye pikapu ya maziwa, nimeshamwambia aje kwako."

Haya, zamu yenu. Nani kwenye familia yenu "alisafisha" kitu cha fundi kikageuka balaa? Mwageni yote kwenye komenti, na kama ni mama yako, mtaje taratibu, huenda anasoma.